UYOGA WA VITUNDU: NAMNA YA KUUTAMBUA MSITUNI

Maneno ya somo la redio kwa vikundi vya watu wazima, Nyololo na Nyanda za Juu Kusini

  

Kabla hatujaanza, kiongozi wa kikundi ahakikishe kuna kisu, karatasi nyeupe na bakuli moja. Kama kuna mwenzenu aliyepita msituni leo akaokota uyoga, auweke mezani mahali ambapo wote watauona. Lakini asiuonje, wala asiupike, mpaka somo liishe.

Somo la leo ni juu ya uyoga ambao chini ya kofia yake una vitundu vidogo vidogo vingi. Wataalamu huuita boleti. Sisi tutauita uyoga wa vitundu, maana jina hili lenyewe lakukumbusha alama ya kwanza ya kuutambua.

KWA NINI TUJIFUNZE JAMBO HILI

Sisi wa Nyololo tumekaa kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya, baina ya Mafinga na Makambako, mahali inapochepuka njia ya Mgololo. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Katika miezi hiyo mahindi ya shamba jipya hayajakomaa, na akiba ya ghala imepungua. Ndipo uyoga unapotoka. Kwa mama mwenye watoto wengi, kikapu kimoja cha uyoga ni kitoweo cha siku mbili bila kutoa senti moja.

Lakini uyoga ni chakula cha ajabu. Mchicha wa porini ukikosea, utapata uchungu mdomoni au tumbo la kuendesha. Uyoga ukikosea, waweza kuzika watoto wako. Kwa hiyo si jambo la kubahatisha.

Labda utasema, "Mimi sihitaji kufundishwa. Bibi yangu alinifundisha uyoga tangu utotoni." Ni kweli, na elimu hiyo ni hazina. Katika makabila yetu, Wahehe, Wabena na wengineo, akina mama ndio walimu wa uyoga: mama humwonyesha binti yake, naye binti humwonyesha wake. Mwaka 2003 kilitolewa kitabu kikubwa juu ya uyoga wa Tanzania, kilichoandikwa na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nao pia walijifunza mengi kwa kuwauliza wanavijiji majina ya uyoga na matumizi yake.

Hata hivyo, fikiri neno hili. Elimu ya bibi ilihusu msitu aliouona bibi. Alijua uyoga wa miombo, uyoga wa kichuguu na uyoga wa mbugani. Msonobari, ambao wengine huuita mpaini, hakuukuta. Majaribio ya kupanda miti ya kigeni huko Sao Hill yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata tangu miaka ya 1960. Leo Sao Hill ni shamba la miti kubwa kupita yote ya serikali katika nchi yetu, na watu binafsi nao wamepanda misonobari na milingoti mpaka karibu na milango ya nyumba zao. Huu ni msitu mpya, na katika msitu mpya hutoka uyoga mpya. Ukichukua elimu ya miombo ukaitumia chini ya misonobari bila kuipima, hapo ndipo hatari ilipo.

UYOGA NI KITU GANI

Uyoga unaouona juu ya ardhi si kiumbe kizima. Ni kama tunda tu. Mwili wenyewe umo ndani ya udongo, nao ni nyuzi nyembamba nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Fukua majani yaliyooza chini ya mti wakati wa mvua, utaziona.

Nyuzi za uyoga wa vitundu aghalabu huzunguka ncha za mizizi ya miti. Hapo hufanyika biashara. Mti hutengeneza sukari kwa majani yake, kwa msaada wa jua, na sehemu ya sukari hiyo huupa uyoga. Uyoga nao hutafuta maji na chumvi za udongo mahali ambapo mzizi hauwezi kufika, ukaupa mti. Kila mmoja humhitaji mwenzake.

Waliopanda misonobari ya kwanza katika nchi nyingi za kusini ya dunia waliliona jambo hili kwa hasara. Walileta mbegu peke yake kutoka mbali, wakazipanda katika vitalu. Miche ilidumaa, ikageuka rangi ya njano, mingi ikafa. Walipochukua udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua na kuuchanganya katika vitalu, miche ilistawi. Kilichokuwamo katika udongo ule ni nyuzi za uyoga. Basi msonobari wetu mwingi, ambao kwao ni Meksiko, haukuja peke yake. Ulikuja na rafiki yake.

Kwa sababu hiyo, unapotaka kujua uyoga wa vitundu, usitazame chini tu. Tazama juu pia. Mti ulio juu ya kichwa chako ni nusu ya jawabu.

HATUA SITA ZA KUUTAMBUA

Sasa shika kisu, utufuate hatua kwa hatua. Usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: geuza kofia. Chini ya kofia ya uyoga mwingi kuna vipande vyembamba vilivyopangwa kutoka katikati mpaka ukingoni, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Tutaviita kurasa. Uyoga wa vitundu hauna kurasa. Una matundu madogo mengi yaliyosongamana, mfano wa sega la nyuki lakini dogo zaidi, na ukibonyeza kwa kidole huwa laini kama sifongo. Hii ndiyo alama kuu. Uyoga wenye kurasa si uyoga wa somo hili, hata kama kofia yake yafanana kabisa.

Kumbuka faida ya alama hii. Uyoga unaoua watu wengi zaidi duniani ni wa jamii iitwayo Amanita, nao una kurasa. Mtu anayegeuza kila kofia kabla ya kuitia kikapuni amekwisha kuepa sehemu kubwa ya hatari.

Hatua ya pili: tazama unapoota, na ubonyeze. Uyoga wa vitundu huota ardhini, una shina katikati, na nyama yake ni laini. Uko uyoga mwingine wenye vitundu ambao huota juu ya magogo na visiki, mgumu kama ubao au ngozi, mara nyingi bila shina. Huo si boleti. Wala haufai kwa sufuria.

Hatua ya tatu: fukua, usikate juu. Ingiza kisu pembeni, uinue uyoga wote pamoja na kitako chake. Tazama kama kitako kimekaa ndani ya kikombe au mfuko mweupe, kama yai lililopasuka. Kikombe hicho ni alama ya Amanita. Mtu anayekata shina juu ya ardhi huacha alama hiyo udongoni, naye hurudi nyumbani bila kujua alichobeba.

Tena usichukue uyoga mchanga mno ambao bado ni duara na kofia haijafunguka. Wakati huo huwezi kuona kama una kurasa au vitundu. Kama umekwisha kuuchukua, upasue katikati toka juu mpaka chini. Ukiona ndani yake umbo la uyoga mdogo lenye kurasa, limefunikwa kama kifaranga ndani ya yai, utupe.

Hatua ya nne: tazama kofia na shina. Kofia inateleza kama imepakwa ute, au ni kavu kama ngozi? Ganda lake lamenyeka kwa urahisi? Shina lina pete? Lina madoa madogo kama chembe za unga? Lina mistari iliyosukwa kama wavu? Vitundu vina rangi gani: nyeupe, njano, kahawia au nyekundu? Mambo haya ndiyo yatakayotofautisha uyoga mmoja wa vitundu na mwingine.

Hatua ya tano: pasua, uhesabu mpaka mia. Nyama ya baadhi ya uyoga hubaki na rangi yake. Nyama ya mwingine hugeuka samawati mbele ya macho yako, au nyekundu, kisha nyeusi. Watu wengi huogopa wakiona samawati, wakadhani ni sumu inayojitokeza. Sivyo. Ni kama kiazi mviringo kilichomenywa na kuachwa wazi: kitu kilichomo ndani ya nyama kimekutana na hewa, kikageuka rangi. Katika nchi nyingine iko boleti inayogeuka samawati na huliwa, na iko inayogeuka samawati na hudhuru. Kwa hiyo rangi hiyo peke yake haisemi sumu wala haisemi salama. Lakini wewe unayejifunza, shika kanuni hii: ukigeuka samawati, uache. Ukiwa na vitundu vyekundu au shina jekundu, uache pia. Boleti zinazojulikana Ulaya kwa kudhuru watu zina wekundu huo, na hapana sababu ya kujaribu zetu kwa matumbo ya watoto.

Hatua ya sita: chukua alama ya vumbi. Uyoga hauna mbegu kama mahindi, bali una vumbi laini sana ambalo huuzaa. Kata kofia, uilaze juu ya karatasi nyeupe, upande wa vitundu uwe chini, kisha uifunike kwa bakuli ili upepo usiipeperushe. Asubuhi inua kofia. Utakuta vumbi limeanguka karatasini. Vumbi la boleti aghalabu lina rangi: kahawia, rangi ya mdalasini, kijani cha zeituni, pengine jekundu hafifu au karibu jeusi. Vumbi la Amanita ni jeupe. Ukipata vumbi jeupe, ujue umekosea mahali. Anza tena hatua ya kwanza, au tupa.

Najua utasema, "Nani atangoje mpaka asubuhi na watoto wana njaa?" Jawabu ni hili: alama hii si kwa kila siku. Ni kwa mara ya kwanza unapokutana na uyoga usioujua. Usiku mmoja wa kungoja si gharama kubwa.

UYOGA WA MISONOBARI

Sasa tutumie hatua zetu chini ya misonobari. Humo hutoka uyoga wa vitundu wa jamii iitwayo Suillus. Jamii hii huishi na misonobari na miti ya ukoo wake tu. Hutaiona katika miombo, wala katika shamba la milingoti peke yake.

Ujulikanao zaidi ni Suillus granulatus. Kofia yake ina rangi ya kahawia iliyochanganyika na njano au wekundu. Wakati wa mvua huteleza na kunata vidoleni, hata majani ya msonobari hushikamana nayo. Jua likiwaka hung'aa kama iliyopakwa mafuta. Ganda lake humenyeka. Vitundu ni vya njano hafifu, na uyoga ukiwa mchanga huonyesha matone madogo kama maziwa. Shina halina pete, bali sehemu ya juu ina madoa madogo kama chembe za unga. Ukiupasua, nyama yake ni ya njano hafifu, wala haigeuki samawati.

Nduguye ni Suillus luteus. Huyu ana kofia ya kahawia iliyokolea, yenye ute mwingi zaidi, na shina lake lina pete nyeupe ambayo baadaye huwa ya zambarau iliyofifia. Naye pia ana vitundu vya njano, na hukaa chini ya misonobari tu.

Katika nchi nyingi watu hula aina hizi mbili. Hapa kwetu wengi huzipita, kwa sababu hawakufundishwa na wazee, na kwa sababu ule ute hauvutii. Si jambo la aibu kuzipita. Anayetaka kuzitumia afuate mashariti haya:

Kwanza, achukue uyoga mchanga na mgumu ambao kofia yake imefunguka kiasi cha kuona vitundu. Uliokomaa mno huwa na mabuu, na vitundu vyake huwa kama uji.

Pili, amenye ganda lote la kofia lenye ute. Ganda hilo huendesha tumbo la watu wengi. Wako pia ambao mikono huwawasha wanapoushika, hao wauache.

Tatu, aupike mpaka uive kabisa. Uyoga wa porini usiliwe mbichi hata kidogo.

Nne, mara ya kwanza mtu mzima mmoja ale kidogo, asubiri mpaka siku ya pili. Wako watu ambao miili yao hukataa hata uyoga mzuri. Tena hii si njia ya kupima uyoga usiojulikana. Ni kwa ule uliokwisha kutambuliwa kwa hatua zote sita na kuthibitishwa na mtu anayeujua.

Ukitaka kuweka akiba, kata vipande vyembamba, uanike juani juu ya ungo mpaka vikatike kwa mlio. Uyoga mbichi ni maji kwa sehemu tisa katika kumi; kwa hiyo kilo 10 mbichi hutoa kama kilo 1 ya mkavu. Weka katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Iko pia boleti kubwa iitwayo Boletus edulis, ambayo Waitalia huiita porcini na huinunua kwa bei nzuri. Ilifika kusini mwa Afrika pamoja na miti ya kigeni, na katika milima ya mashariki ya Zimbabwe watu wameiokota chini ya misonobari na kuiuza ng'ambo. Shina lake ni nene, lina wavu mweupe, na vitundu vyake ni vyeupe kisha vya njano ya kijani. Nakutajia ili ujue kwamba uyoga wa vitundu si kitu cha kudharau. Lakini usije ukauita kila uyoga mnene kwa jina hilo kwa tamaa ya fedha.

UYOGA WA MIOMBO

Ukishuka kutoka nyanda hizi za baridi kwenda sehemu za miombo, yenye mikusu na miti mingine ya asili, utakuta uyoga wa vitundu wa namna nyingi zaidi. Mmoja, wa jamii ya Phlebopus, ni mkubwa mno. Kofia yake yaweza kupita upana wa sahani ya kulia. Mwingine, wa jamii ya Afroboletus, una magamba meusi juu ya kofia, na nyama yake hugeuka nyekundu ukiipasua, kisha hugeuka nyeusi. Ziko zenye vitundu vyeupe, njano na zambarau, na nyingine ni chungu. Kofia moja tu yaweza kuharibu sufuria nzima.

Katika msitu huu mwalimu ni mwenyeji. Uliza wazee wa mahali pale pale wanaula upi, na wanauitaje. Jina la uyoga katika kijiji kimoja laweza kuwa la uyoga mwingine kabisa katika kijiji cha pili, kwa hiyo usinunue jina. Tazama uyoga wenyewe.

HATARI YA MAZOEA

Sikiliza sasa jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote.

Katika miombo ya Tanzania, Zambia na Malawi uko uyoga mkubwa mweupe wenye kurasa, pete na mfuko kitakoni. Ni Amanita, lakini watu huula tangu zamani bila madhara. Sasa mtu aliyezoea uyoga huo ahamie sehemu ya misonobari au miti mingine ya kigeni. Aona uyoga mweupe au wa kijani hafifu, una kurasa, una pete, una mfuko. Afurahi, "Kumbe hata huku upo!" Lakini uyoga uitwao Amanita phalloides, ulio na sumu kali kupita kiasi, una alama hizo hizo, nao umepata kuonekana katika mashamba ya miti ya kigeni huko Tanzania na Afrika ya Kusini. Uyoga mmoja mkubwa watosha kumwua mtu mzima.

Kwa hiyo kanuni ya misonobari ni fupi: chini ya msonobari, uyoga wenye kurasa usiokote, hata kama wafanana na wa nyumbani. Kadhalika ule mwekundu wenye vidoa vyeupe ambao watoto huupenda kwa uzuri wake. Huo ni Amanita muscaria, nao huvuruga akili na tumbo.

MANENO YASIYO YA KWELI

Yako maneno yanayosemwa katika vijiji vingi, nayo yameua watu.

Husemwa kwamba uyoga ulioliwa na konokono au wadudu haudhuru. Si kweli. Konokono hula Amanita phalloides bila kufa.

Husemwa kwamba uyoga wa sumu hugeuza rangi ya sarafu, kitunguu au mchele unapopikwa. Si kweli. Sumu ile kali haigeuzi kitu.

Husemwa kwamba ukichemsha sana, ukamwaga maji, au ukikausha juani, sumu hutoka. Si kweli. Sumu ya Amanita phalloides haiharibiwi kwa moto wala kwa jua.

Husemwa kwamba uyoga wa sumu una harufu mbaya na ladha mbaya. Si kweli. Watu waliopona walisema ulikuwa mtamu.

UKIDHANI MTU AMEKULA SUMU

Uyoga unaosumbua tumbo tu aghalabu humtapisha mtu mapema, baada ya nusu saa au saa mbili tatu. Sumu ile kali hukawia. Mtu hula jioni, hulala vizuri, na baada ya saa 6 mpaka 24 ndipo huanza kutapika na kuharisha sana. Siku ya pili au ya tatu huonekana kama amepata nafuu, na jamaa hushukuru Mungu. Kumbe wakati huo sumu inaharibu ini. Baada ya hapo macho huwa ya njano, na aghalabu huwa tumechelewa.

Basi, mtu yeyote aliyekula uyoga wa porini akaugua, usimngojee apate nafuu, wala usimrudishe nyumbani kwa sababu amepata nafuu. Mpeleke zahanati au hospitali mara moja, usiku au mchana. Chukua uyoga uliobaki, hata maganda na matapishi, umwonyeshe mganga. Eleza ulikula saa ngapi, na maumivu yalianza saa ngapi. Wapeleke na wote waliokula chungu kimoja, hata wasioumwa. Anayeharisha apewe maji mara kwa mara njiani kama anaweza kumeza.

Kwa ajili hiyo, jizoeze kuacha uyoga mmoja mzima bila kupikwa kila unapopika uyoga wa porini. Ukilala salama, utautupa asubuhi.

MAMBO MACHACHE YA MWISHO

Usiokote uyoga kando kando ya barabara kuu ya magari, wala mahali palipomwagwa dawa za mimea. Uyoga hunyonya madini mabaya kutoka udongoni, ukayaweka mwilini mwake.

Beba uyoga katika kikapu, si katika mfuko wa plastiki, maana humo huoza upesi. Na uyoga uliooza hudhuru hata kama ulikuwa mzuri. Kila namna iwe mahali pake. Usichanganye.

Watoto wanaochunga wafundishwe kuokota na kuleta, si kupika wenyewe machungani. Na kabla ya kuingia katika shamba la miti la serikali au la mwenye mali, uliza ruhusa. Wakati wa kiangazi hasa, mtu asiyejulikana ndani ya misonobari hudhaniwa mwenye moto.

Mwisho, neno la kushika ni hili: usipokuwa na hakika, uache. Hakuna mtu aliyekufa kwa uyoga alioupita. Na kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mama mmoja ameokota uyoga wa namna mbili chini ya misonobari. Wa kwanza una kofia ya kahawia inayoteleza, vitundu vya njano, na haugeuki rangi ukipasuliwa. Wa pili ni mweupe, una kurasa, naye ameukata juu ya ardhi. Ampe nani ushauri gani juu ya kila mmoja, na kwa nini?

2. Kwa nini lazima tufukue kitako cha uyoga?

3. Tajeni uyoga ambao wazee wenu hula. Kila mmoja huota chini ya mti gani? Mwenye kujua kuandika aandike majina hayo kwa lugha ya nyumbani, pamoja na alama za kila mmoja, karatasi hiyo itunzwe na kikundi.

4. Jirani amekula uyoga jana jioni, ametapika usiku kucha, na leo asubuhi asema amepona. Mtamfanyia nini?

Baada ya kuzungumza, utazameni uyoga ulioko mezani. Ugeuzeni, mpasue, mhesabu mpaka mia. Kisha mlaze kofia moja juu ya karatasi, mfunike bakuli, na kesho asubuhi mmoja wenu alete habari ya rangi ya vumbi.